Mtoto wa Jicho na Shule ya Kuona

Kiswahili kina desturi moja ambayo mwanafunzi wa saikolojia angeitafuta kwa shida katika vitabu, na sisi tunaitumia kila siku bila kuiwaza. Tunatofautisha kutazama na kuona. Mtu akitafuta ufunguo wake mezani na kurudi mikono mitupu, husema, “Nimetazama, sikuuona,” na hakuna anayemwambia kwamba amejipinga. Jicho lilifanya kazi yake, lakini kuona hakukutokea. Tena neno kuona halikubali kufungiwa jichoni: tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona haya, na tukitaka rai ya mtu tunamuuliza, “Unaonaje?” Kusikia nako kumevuka sikio, maana Mswahili husikia harufu na husikia maumivu. Lugha hii haikujali sana mlango ambao habari imeingilia; ilijali kama habari hiyo imemfikia mwenye nyumba. Wanasaikolojia wameupa mlango jina la hisi, na kule kufika wakakuita utambuzi. Katika mhadhara huu nitatetea hoja moja kuhusu njia iliyo kati ya hivyo viwili: kwamba sehemu kubwa ya kuona hufundishwa, kwamba masomo yake huanza siku mtoto anapofumbua macho, na kwamba muhula wake una mwisho. Ushahidi wangu mkuu ni watoto waliozaliwa na ugonjwa ambao kwa bahati lugha yetu imeupa jina la mtoto: mtoto wa jicho.

Tuanze na kile ambacho jicho lenyewe linapeleka, maana watu wengi hulidhania kuwa dirisha, na jicho si dirisha. Mwanga huingia kupitia konea, hukusanywa na lenzi, na kuangukia utando wa nyuma uitwao retina, ambako taswira ya dunia hukaa juu chini na kushoto kulia. Hapo kuna chembe zaidi ya milioni 100 zinazoitikia mwanga, lakini mshipa wa neva unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo una nyuzi zipatazo milioni 1 tu, kwa hiyo habari husagwa na kuchujwa kabla hata haijaondoka. Mahali mshipa huo unapotokea hapana chembe hata moja ya kupokea mwanga. Kila mmoja wenu analo hilo doa la upofu, na anaweza kulipata akiwa hapo hapo alipoketi. Nyosha mikono yote miwili mbele, vidole gumba vimesimama vikigusana. Fumba jicho la kushoto, na lile la kulia likaze juu ya gumba la kushoto bila kulibandua. Sasa lisogeze gumba la kulia polepole kuelekea kulia. Likifika umbali wa kama shubiri moja hivi, ncha yake hutoweka. Ukiendelea kusogeza, hurudi. Kinachostahili kuangaliwa hapo ni kile kinachobaki mahali pa gumba: hakuna shimo jeusi wala ukungu. Unaona ukuta, au shati la aliyekaa mbele yako, pamezibwa vizuri kabisa. Jicho halikuleta ukuta ule, maana mahali pale halina cha kuletea. Umeletwa na ubongo, kwa kukisia kutokana na yaliyo pembeni.

Na makisio hayo si ya pale padogo tu. Taswira iliyo kwenye retina ni bapa, na dunia ina kina. Kikombe kilicho karibu na pipa lililo mbali vinaweza kutupa taswira ya ukubwa uleule kabisa, na hakuna kitu ndani ya taswira yenyewe kinachotangaza kipi ni kipi. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu macho kati ya mwaka 1856 na 1867, alihitimisha kwamba kuona ni kufikia uamuzi bila kujitambua kuwa unaamua. Ubongo hupokea dalili chache, huzilinganisha na yale uliyokwisha kuyazoea, kisha hutoa hukumu upesi kiasi kwamba mwenyewe hudhani ameiona dunia moja kwa moja. Kama Helmholtz alikuwa sahihi, basi mtu asiye na mazoea hayo angekuwa na macho mazima na asione, na hilo ni jambo linaloweza kupimwa.

Swali lenyewe lilikwisha kuulizwa muda mrefu kabla yake. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin, ambaye mkewe alikuwa amepofuka, alimwandikia mwanafalsafa John Locke. Tuchukue mtu aliyezaliwa kipofu, aliuliza, aliyejifunza kwa kupapasa kutofautisha mchemraba na mpira. Siku moja apate kuona, na vitu hivyo viwili viwekwe mezani mbele yake. Je, kwa kutazama tu, kabla hajavigusa, atajua kipi ni kipi? Molyneux alijibu la, na Locke akakubaliana naye. Lakini wote wawili walikuwa wakifikiri tu kutoka vitini mwao. Ilibidi kusubiri hadi 1728, ambapo William Cheselden, daktari mpasuaji wa London, alitoa taarifa ya kijana wa miaka 13 hivi aliyekuwa na mtoto wa jicho tangu kuzaliwa au karibu na hapo. Kwa njia ya siku zile, yaani kwa kuisukuma kando kwa sindano lenzi iliyokuwa imetiwa ukungu, Cheselden aliufungulia mwanga njia.

Kijana yule hakujua umbali wowote: vyote alivyoviona vilionekana kwake kana kwamba vinagusa macho yake, kama vile vitu alivyovipapasa vilivyogusa ngozi. Hakutambua umbo la kitu hata kimoja. Kila siku alifundishwa majina ya vitu, na kila siku aliyasahau mengine. Paka na mbwa walimshinda, na kwa kuwa aliona aibu kuuliza tena, siku moja alimkamata paka, akampapasa, kisha akamkazia macho kwa muda mrefu ili safari nyingine asimkosee. Nimeisoma habari ya yule paka mara nyingi na bado naiona kuwa ndiyo picha bora kuliko zote ya somo letu: mkono, ambao umekwisha kuhitimu, umeshika kitu, na jicho ambalo ndilo mwanafunzi mpya limeelekezwa kwenye kitu hichohicho. Ilipita miezi miwili ndipo akagundua kwamba picha zilizochorwa ukutani ni za vitu vyenye kina. Kabla ya hapo aliziona kama mabaka ya rangi. Alipozigusa na kukuta ni bapa alishangaa, akauliza ni hisi ipi kati ya hizo mbili inayomdanganya.

Mwenye akili ya kuhoji atasema hapa kwamba kijana mmoja si ushahidi, na atakuwa na haki. Taarifa iliandikwa na daktari aliyempasua, ni ya kurasa chache, na mgonjwa hakuwahi kuwekewa mchemraba na mpira mezani. Isitoshe, jicho lililotoka kuchomwa sindano halioni vizuri hata likiwa la mtu aliyekwisha kujua kuona. Huenda alishindwa kwa sababu ya ukungu wa jicho na wala si kwa kukosa elimu. Pingamizi hilo lilikaa karibu miaka 300 bila jibu la kuridhisha. Jibu lilitoka India, ambako Pawan Sinha, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani aliyezaliwa huko, alianzisha mradi uitwao Prakash, neno lenye maana ya nuru. Mradi huo huwatafuta vijijini watoto waliozaliwa vipofu kwa maradhi yanayotibika, huwapeleka kufanyiwa upasuaji, na wale walio radhi hushiriki katika utafiti. Mwaka 2011 watafiti hao walichapisha matokeo ya watoto watano wa umri kati ya miaka 8 na 17. Ndani ya saa 48 baada ya upasuaji kila mtoto alionyeshwa, au alipapasishwa, kitu kimoja cha kuchezea chenye umbo la pekee, kisha akatakiwa kukichagua kati ya viwili.

Ubora wa jaribio ni kwamba lilifanywa kwa njia tatu. Mtoto alipopapasa kitu na kukichagua kwa kupapasa, alipata karibu kila mara. Alipokitazama na kukichagua kwa kutazama, alipata asilimia 92, kwa hiyo hoja ya ukungu wa jicho imeanguka: macho yale yalitosha kutofautisha maumbo. Lakini alipopapasa kitu na kutakiwa kukichagua kwa kutazama, alipata wastani wa asilimia 58, ilhali mtu anayebahatisha kwa kufumba macho angepata 50. Mkono ulikijua kitu, jicho likakiona tofauti na mwenzake, lakini viwili hivyo havikuwa bado vimejuana. Molyneux alijibu sawa. Na sehemu ya pili ya matokeo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni kwamba waliopimwa tena baada ya siku chache tu za maisha ya kawaida walikuwa wamepanda sana. Hakuna mwalimu aliyewaketisha. Walikula, wakavaa, wakachukua vitu na kuviweka, na mikono ikawa inayafundisha macho.

Umbo moja lililotengwa juu ya meza nyeupe ni jambo jepesi, hata hivyo. Dunia halisi haituletei vitu kimoja kimoja. Watu hawa waliochelewa kuona wakionyeshwa mchoro wa mistari wa mduara na mraba vilivyopishana na kuulizwa kuna vitu vingapi, huhesabu vitatu: kila kipande kilichozungushiwa mstari, ikiwemo sehemu ile inayopishana, kwao ni kitu kamili. Wakionyeshwa picha ya mpira wenye kivuli, kivuli kinaweza kuhesabiwa kuwa kitu chake. Ng’ombe mwenye mabaka huvunjika vipande. Sisi tunaoziona picha hizo bila jasho hatukumbuki kwamba kuna siku tuliamua kivuli si kitu. Lakini vitu vile vikianza kutembea, mambo hubadilika. Vipande vinavyosogea pamoja, kwa mwendo mmoja na upande mmoja, mgonjwa huviunganisha papo hapo: mraba wote unasogea, kwa hiyo ni mraba mmoja. Sinha na wenzake wanauona mwendo kuwa mwalimu wa kwanza, na mimi naona wana hoja nzito, kwa sababu ubongo usiojua bado kitu ni nini unaweza kuanza na kanuni rahisi kuliko zote: vinavyokwenda pamoja ni mali ya mmoja. Ukishavikusanya hivyo mara nyingi, unaanza kuzoea kingo, rangi na vivuli vinavyoandamana navyo, mpaka siku moja unamtambua ng’ombe hata akiwa amelala kimya.

Mwendo wa vitu ni nusu ya shule. Nusu ya pili ni mwendo wa mwenye macho. Mwaka 1963 Richard Held na Alan Hein walichapisha jaribio la watoto wa paka waliolelewa gizani. Kwa saa chache kila siku, paka wawili walitiwa katika mtambo unaozunguka ndani ya chumba cha mviringo chenye michirizi ukutani. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Wa pili alikaa ndani ya kikapu kilichofungwa kwenye mtambo uleule, hivyo kila hatua ya mwenzake ilimbeba naye. Wote wawili waliona michirizi ileile ikipita mbele ya macho, kwa muda uleule. Walipopimwa, aliyetembea alikwepa ukingo wa shimo, alifumba macho kitu kilipomjia usoni, alitanguliza makucha kabla ya kuwekwa chini. Wa kikapuni hakufanya hivyo, ingawa baada ya kuachiwa huru kwa siku mbili hivi alijifunza. Kuona si kupokea mwanga mwingi, basi. Ubongo unahitaji kujua kwamba nikigeuza shingo, mandhari hugeuka hivi, na nikisogea hatua, kilicho karibu hukua upesi kuliko kilicho mbali. Habari hiyo haimo katika mwanga peke yake, imo katika uhusiano wa tendo na matokeo yake, na uhusiano wa aina hiyo ndio ambao saikolojia huuita kujifunza.

Sasa nifike kwenye pingamizi kubwa, ambalo nisingependa kulipita kwa mwendo wa haraka. Kama kuona hufundishwa, mbona kifaranga cha kuku hudonoa punje siku ileile anapotoka katika yai? Eleanor Gibson na Richard Walk, waliotengeneza meza ya kioo yenye shimo la bandia chini yake na kuchapisha matokeo yao mwaka 1960, walikuta vifaranga visivyotimiza hata siku moja vikikataa kabisa upande wa shimo. Watoto wa binadamu waliokwisha kutambaa nao walikataa, wengi wao, hata mama zao walipowaita upande wa pili. Watoto wachanga wenye saa chache tu duniani hugeuza macho kufuata mchoro unaofanana na uso kuliko ule ambao viungo vya uso vimevurugwa. Na pingamizi kali kuliko yote limetoka katika mradi uleule wa Prakash. Kuna mchoro maarufu wa mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja ukiwa na vishale vilivyoelekea ndani na mwingine nje, na watu huuona mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba udanganyifu huo hufundishwa na nyumba zenye kuta na pembe za mraba. Mwaka 2015 watafiti wakaeleza kwamba watoto tisa waliozaliwa vipofu walidanganyika vilevile siku chache tu baada ya kuanza kuona, kabla nyumba yoyote haijapata nafasi ya kuwafundisha.

Nayakubali matokeo hayo yote, na nadhani mtu anayetetea hoja yangu akiyakataa ataipotosha. Mtoto haji shuleni bila chochote. Anakuja na macho yanayovutwa na nyuso, na kingo, na vitu vinavyosogea. Anakuja na mitambo ya kupima mistari ambayo hudanganyika kwa namna zake yenyewe. Lakini angalieni vipawa hivyo vinafanya kazi gani. Kupenda kutazama uso bado si kumtambua mama. Kumtambua mama kunataka nyuso nyingi, kwa siku nyingi, na ule mvuto wa kuzaliwa kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtoto hakosi darasa. Hata lile shimo la kioo limefanyiwa utafiti zaidi tangu wakati ule, na imeonekana kwamba woga wa mtoto wa binadamu huambatana na uzoefu wake wa kutambaa kuliko umri wake. Kifaranga ameumbiwa maisha mafupi ya kudonoa, na karibu kila anachohitaji amezaliwa nacho. Binadamu amezaliwa na mwanzo wa kila kitu, na karibu hakuna alichokimaliza.

Ubaya wake ni kwamba mpango huo una msimu, kama mahindi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifumba jicho moja la mtoto wa paka katika miezi yake ya kwanza, kisha wakalifumbua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, na retina yake ilifanya kazi. Lakini katika sehemu ya ubongo inayopokea habari za kuona, chembe zilizopaswa kulisikiliza jicho lile zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili. Paka mzima aliyefumbwa jicho kwa muda uleule hakupata dhara lolote. Katika miezi ya mwanzo neva za macho mawili hugombea nafasi, na lisiloleta habari hunyang’anywa shamba. Ndiyo sababu mtoto wa jicho aliye upande mmoja tu huharibu zaidi, na kwa haraka zaidi, kuliko aliye pande zote mbili, jambo ambalo mzazi hawezi kulitarajia, kwa kuwa mtoto mwenye jicho moja zima anacheza na kutembea kama wenzake. Madaktari wa macho ya watoto hushauri kwamba ukungu mzito wa kuzaliwa wa jicho moja utolewe mtoto akiwa na wiki 6 hivi, na wa macho yote mawili usivuke sana wiki 8 hadi 10.

Wiki 6 husikika kama hofu iliyotiwa chumvi. Lakini nchini Canada Daphne Maurer na wenzake wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliotibiwa mapema. Mwaka 2001 walieleza kuhusu watu 14 waliokuwa wamekosa kuona kwa miezi kati ya 2 na 6 tu ya mwanzo wa maisha, kisha wakaona kwa miaka 9 au zaidi. Walitofautisha vizuri nyuso zilizobadilishwa macho au mdomo. Lakini nyuso zilizobadilishwa umbali tu kati ya jicho na jicho, au kati ya macho na mdomo, ziliwashinda kuliko watu wengine. Miaka 9 ya kutazama nyuso kila siku haikulipa deni la miezi ile michache. Watafiti haohao, mwaka 1999, walipima watoto 28 kuanzia dakika walipovishwa lenzi baada ya upasuaji, na wakakuta kwamba saa 1 tu ya kuona ilitosha kuongeza ukali wa macho yao kwa kiasi kinachopimika. Hivyo ubongo wa mchanga unajifunza kwa saa, na unapoteza kwa wiki.

Hapo hutokea pingamizi la mwisho, nalo hutoka katika uchungu. Kama msimu umepita, kuna faida gani kumpasua mtoto wa miaka 8? Mtu anayeuliza hivyo anaweza kutaja habari ya S.B., Mwingereza aliyepofuka akiwa na miezi 10 hivi na kupandikizwa konea mpya akiwa na miaka 52. Richard Gregory na Jean Wallace waliochapisha habari zake mwaka 1963 hawakuficha kwamba aliingiwa na huzuni. Jioni mara nyingi aliketi gizani bila kuwasha taa, na alifariki mwaka 1960. Ila katika habari hiyohiyo kuna jambo ambalo wengi hulipita. S.B. aliweza kusoma kwa macho herufi kubwa mara tu alipoona, lakini herufi ndogo hakuziweza. Shuleni kwa vipofu alikuwa amefundishwa herufi kubwa kwa kupapasa vibao, na ndogo hakufundishwa. Maarifa ya mkono yalivuka kwenda kwa jicho pale tu yalipokuwepo. Alipopelekwa kwenye jumba la makumbusho kuona mashine ya kukerezea vyuma, chombo alichokuwa akikitamani maisha yake yote, hakuelewa anachokitazama mpaka alipofunguliwa kioo na kuipapasa akiwa amefumba macho. Akarudi nyuma, akafumbua, ndipo akaiona. Watoto wa India nao, waliochelewa miaka mingi, hawakupata macho makali, lakini walijifunza kutenga vitu, kutembea bila kushikwa mkono, kutambua watu. Kwa hiyo kuchelewa kuna hasara isiyorudishwa, na bado kilichobaki kinastahili kupiganiwa. Mambo hayo mawili hayapingani, na daktari au muuguzi anayeambia familia moja tu kati ya hayo anaidhulumu.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii ina uzito wa pekee. Moja ya sababu za mtoto wa jicho wa kuzaliwa ni rubela inayompata mama akiwa na mimba changa. Tanzania iliingiza chanjo ya surua-rubela mwaka 2014, Kenya mwaka 2016, na hilo ni jambo kubwa ambalo wagonjwa liliowaokoa hawatajijua. Sababu nyingine hazina chanjo. Utafiti kutoka Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba familia nyingi hukawia mno kati ya siku wanapoligundua jicho na siku wanapofika hospitali ya rufaa. Wako wanaodhani mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee, wako wanaoambiwa wasubiri akue kidogo, na wako ambao nauli tu ni mtihani. Ushauri wa kusubiri ndio unaoniuma, kwa kuwa mara nyingi hutolewa kwa huruma, na umejengwa juu ya ile dhana ya dirisha: kwamba dirisha chafu likisafishwa leo au mwakani, mandhari ni yaleyale. Itasemwa kwamba wapasuaji wa macho ya watoto ni wachache na hospitali zao ziko katika miji mikubwa. Ni kweli. Lakini kugundua hakuhitaji mpasuaji. Mboni ya mtoto mzima hurudisha mng’ao mwekundu ikimulikwa kwa kifaa cha kuangalizia macho kwenye chumba chenye giza; yenye ukungu hurudisha weupe au haing’ai. Mtoto huangaliwa na mkunga anapozaliwa, na wiki ya 6 mama yake humleta kliniki kwa chanjo, kadi mkononi. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi tayari, na ni tarehe ileile ya jicho. Anayesubiri kuitazama mboni wiki ile ya chanjo kwa mara ya kwanza amekwisha kufika ukingoni. Kwa hiyo mboni itazamwe siku ya kuzaliwa, na wiki ya 6 irudiwe.

Na baada ya upasuaji ndipo masomo yanapoanza, nyumbani na si wodini. Jicho lililotolewa lenzi linahitaji miwani mizito, au lenzi ya bandia na miwani juu yake, na miwani hiyo itavunjika na kupotea na itabidi ibadilishwe kadiri mtoto anavyokua. Kama tatizo lilikuwa jicho moja, lile zima litafunikwa kwa kibandiko saa kadhaa kwa siku, kwa miezi na pengine miaka, ili lile dhaifu lipate zamu yake ya kufanya kazi. Mtoto atalia na kukibandua. Bibi yake atauliza kwa nini mnaliziba jicho zuri mnaliacha bovu, na swali hilo ni la haki, linadai jibu kamili kutoka kwa muuguzi kabla familia haijapanda basi la kurudi. Aambiwe kwamba jicho bovu halitafundishika mradi lile zuri linalijibia maswali yote. Aambiwe pia kwamba mtoto asikalishwe kitako na kuonyeshwa vitu kwa mbali, kama yule paka wa kikapuni. Apewe kikombe cha bati mkononi, akizungushe, akidondoshe, akifuate chini ya meza kinakobingirika, akishike tena.